Bibi Durra na Maji ya Lango la Mashariki

Imetufikia, kutoka kwa watu wasiopenda kuongeza chumvi katika habari za waja wema, kwamba katika mji wa Marjawa, zama ambazo miji ilitawaliwa na maliwali na kuhukumiwa na makadhi, aliishi mwanamke mcha Mungu aliyeitwa Durra binti Mundhiri. Nimekisimulia kisa chake mara nyingi baada ya sala ya alasiri, na kila nikifika katikati moyo hunipanda, hata wanafunzi wangu huniambia, "Ustadhi, watu hawa walishakufa zamani." Ni kweli walishakufa. Hasira zangu bado hazijapata habari hiyo.

Baba yake, Haji Mundhiri, alikuwa fundi wa matandiko ya ngamia, na alirithi chemchemi moja kilimani, nje kidogo ya mji. Liwali wa siku zile alikuwa na tabia ya kupenda vitu vya watu. Akiisifu bustani, mwenye bustani hulia, maana wiki haiishi ila askari wamekuja na karatasi. Jirani yake Mundhiri alinyang'anywa kisima kwa sababu mke wa Liwali alitaka maji ya hamamu. Mundhiri akaona zamu yake inakuja, akaenda kwa kadhi wa wakati ule, akaiweka chemchemi yake wakfu. Mali ikishakuwa wakfu imekuwa ya Mwenyezi Mungu. Haiuzwi, hairithiwi, na mtawala anayeigusa anajua kwamba atatajwa kwa ubaya katika kila msikiti.

Durra alikuwa na miaka kumi na minne, na yeye ndiye aliyeshika kidau cha wino siku baba yake alipomtajia mwandishi masharti. Maji yatoke kwenye chemchemi, yapite katika mfereji hadi kwenye hodhi la Lango la Mashariki, yawe ya msafiri na mnyama wake, na yasigeuzwe kwenda pengine hadi ardhi itakaporudi kwa Mwenye nayo.

Msichana akauliza, "Baba, na siku wasafiri wasipopita?"

"Yasigeuzwe," akajibu baba. "Nikiandika 'isipokuwa', Liwali ataingia kwa hiyo 'isipokuwa'."

Liwali alikuja kweli, na askari sita. Akasomewa hati mbele ya watu, akageuza farasi wake akaondoka. Hapa sina neno. Sheria ilisimama mlangoni ikamzuia dhalimu, na watu wa mji ule hawakuwa na ngao nyingine yoyote mbele ya mtawala. Miaka mingi misafara ikanywa pale, na wasafiri wakamwombea Haji Mundhiri hai na maiti.

Kisha likaja tetemeko la ardhi. Daraja la mashariki likaanguka mtoni, na misafara ikatafuta njia ya upande wa magharibi. Nyumba za wageni zikahamia magharibi, soko likahamia magharibi, na watia rangi nguo wakajenga mtaa wao huko pamoja na wake zao na watoto wao. Lango la Mashariki likaota majani. Maji ya Haji Mundhiri yakaendelea kushuka kilimani kwa utiifu, yakijaza hodhi, yakimwagika, yakifanya tope ambamo kunguru walioga. Kule magharibi visima vilikuwa na chumvi, na vile visivyokuwa na chumvi vilikuwa na rangi. Wanawake wa mtaa wa Watia Rangi walikuwa wakivuka mji mzima na mitungi kufuata maji ya kunguru, na yule asiyeweza kwenda, mwenye mimba au mgonjwa, aliwapa wanawe maji ya kisima.

Durra sasa alikuwa mjane wa makamo na msimamizi wa wakfu wa baba yake. Mfereji ulipita upande wa juu wa mji. Kuugeuza kwenda magharibi ilikuwa kazi ya wiki tatu tu. Lakini msimamizi anayevunja sharti la mwenye wakfu huondolewa, na wakfu ukikosa msimamizi huwekwa chini ya mkono wa Liwali. Kwa hiyo Durra akaenda kuomba ruhusa kwa kadhi.

Kadhi wa Marjawa aliitwa Shurahbili. Hakuwa mla rushwa, tena alikuwa mwepesi wa kulia akisikia Qur'ani. Kosa lake lilikuwa moja: alikuwa mwoga, na woga wake aliuita tahadhari.

"Sharti la mwenye wakfu ni zito kama nassi ya Kitabu," akamwambia Durra. "Marehemu amesema yasigeuzwe. Muulize mufti."

Durra akamwandikia mufti wa mji mkuu. Jibu likaja baada ya miezi kumi na minne. Lilianza kwa kumsifu Mola kurasa mbili, likaeleza maana ya neno 'hodhi' katika lugha ya Waarabu wa jangwani, na mwisho likasema: jambo hili aulizwe kadhi wa mji husika, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Durra akampelekea kadhi barua hiyo. Kadhi akaisoma kwa heshima, akaibusu, akasema, "Ni jibu la mwanachuoni. Muulize tena, afafanue."

Siku moja watia rangi wenyewe wakaja mahakamani, wanaume arobaini wenye mikono ya buluu na nyekundu. Wakasema watauchimba mfereji kwa mikono yao, hawataki ujira.

"Mdai ni nani?" akauliza kadhi.

"Ni sisi sote, Sheikh."

"Mbele ya sheria hakuna mtu anayeitwa Sisi Sote. Mtaa hauna ulimi. Kuna fulani bin fulani. Kila mmoja alete dai lake, siku yake, na mashahidi wake."

"Madai arobaini ya mfereji mmoja?"

"Mimi sikuiweka sheria," akasema kadhi, naye alikuwa na huzuni ya kweli. Wale watu wakarudi kazini kwao. Nawaomba wasomaji wasiniulize kama hakukuwa na kitabu kilichoruhusu. Vitabu vilikuwapo, na ndani yake wanazuoni waliotazama maslahi ya watu. Aliyekosekana ni mtu wa kuvifungua.

Miaka kumi na moja ikapita hivyo. Katika kiangazi cha mwaka wa kumi na moja kukawa na ugonjwa wa kuhara katika mtaa wa Watia Rangi, na mwanamke mmoja aliyeitwa Rabaha, mke wa mtia rangi, akazika watoto wawili katika mwezi mmoja. Baada ya arobaini akaja nyumbani kwa Durra, akakaa kwenye mkeka, hakutaka kula wala kunywa.

"Bibi," akasema, "nieleze tena kwa nini kunguru wanakunywa na wanangu hawakunywa. Nieleze polepole. Mimi si msomi."

Durra akaanza kueleza habari za sharti na hati na mufti, akasikia maneno yake mwenyewe, akanyamaza. Rabaha akangoja kidogo, kisha akajitanda ushungi akaondoka. Durra akasimama kuswali adhuhuri, na katika sijida ya mwisho akasema, na meno yake yamekazana: "Mola wangu, hati hii hukuiandika Wewe. Aliiandika baba yangu, na wino niliushika mimi. Nifundishe subira, maana niliyokuwa nayo imekwisha."

Juma lile lile akaja katibu wa Liwali. Huyu alikuwa Liwali mwingine, kijana mwenye maneno laini, lakini kasri lilikuwa lile lile.

"Bwana wangu amesikitishwa na habari za watoto," akasema katibu. "Wewe mwombe kadhi atamke kwamba wakfu umekufa kwa kukosa manufaa. Chemchemi itaingia Baitulmali, hazina ya serikali, nasi tutayapeleka maji magharibi."

"Liwali ataiandika ahadi hiyo?"

"Liwali haandikiani na raia, Bibi."

"Basi na raia haombi," akasema Durra, akamwonyesha mlango.

Habari zikamfikia kadhi, akaona aibu. Akamwita Durra, akazungumza akitazama zulia. "Nikipata mashahidi wawili waadilifu kwamba Haji Mundhiri, kabla ya kufa kwake, aliruhusu maji yahamishwe, mikono yangu itafunguka. Mimi siulizi zaidi ya wanayoyasema mashahidi."

Maneno haya yalitembea mjini kabla Durra hajafika kwake. Mwashi mzee aliyeitwa Labidi, ambaye ndiye aliyelijenga lile hodhi, akaja pamoja na shemeji yake. Wote wawili walikuwa watu wa safu ya kwanza msikitini.

"Tutasema tulimsikia, mwanangu," akasema Labidi. "Nimewaosha watoto wale kwa mikono hii. Nani atadhurika?"

Rabaha naye alikuwapo. "Waache waape, Bibi," akasema. "Kama ni dhambi, iandikwe kwa jina langu."

Durra aliwasindikiza hadi mlangoni. Alimjua Labidi tangu utotoni, na alijua kwamba mzee yule hajawahi kusema uongo hata katika bei ya mawe.

Siku ya hukumu mahakama ilijaa hadi uani. Katibu wa Liwali alikuwa ameketi karibu na nguzo, ana karatasi iliyokunjwa mapajani, na kushoto kwake watu wawili wa zizi la Liwali. Labidi akasogea mbele, akainua mkono.

"Usiape, Mzee Labidi," akasema Durra, akasimama kutoka upande wa wanawake. "Sheikh, baba yangu hakusema hivyo. Nilikuwapo hati ilipoandikwa. Nilimuuliza neno hilihili, akasema yasigeuzwe, na hadi anakata roho hakusema lingine. Baba yangu, Mola amrehemu, alikosea. Lakini hakusema."

Rabaha aliinuka mahali alipokaa akatoka nje, na alipompita Durra hakumtazama.

Kadhi akaweka kalamu chini. "Mwanamke, miaka kumi na moja unaniomba mlango. Nimekufungulia, nawe unaufunga mbele za watu."

"Mlango huo hauna komeo, Sheikh. Leo wazee wawili wema wakisema walimsikia marehemu, maji yataenda magharibi. Kesho wawili wengine wakisema nao walimsikia, yataenda wapi?"

Macho ya watu yalianza kugeuka, mmoja mmoja, kuelekea kwenye nguzo.

"Karatasi hiyo ni ya nini?" kadhi akamuuliza katibu.

"Ni ya baada ya hukumu, Sheikh."

"Ilete."

Kadhi akaisoma kimya, kisha akaisoma kwa sauti. Ilikuwa ombi, limekwisha kuandikwa, na majina ya watu wawili wa zizi chini yake, kwamba wao nao walimsikia Haji Mundhiri kabla ya kufa akitamani maji yake yanyweshe bustani ya kasri. Lilikosa tarehe tu. Labidi alilisikia, akakaa chini palepale kwenye sakafu kama mtu aliyeponea chupuchupu kuanguka shimoni.

"Basi sasa sina mashahidi," akasema kadhi.

"Una macho, Sheikh wangu. Kila mwaka unatia muhuri kwenye karatasi za hodhi lile. Umewahi kuliona?"

Kadhi akaahirisha kesi. Nisiwafiche: aliahirisha siku arobaini. Mara alisema ana homa, mara anasubiri barua ya mufti. Kila asubuhi Durra alikwenda kukaa kwenye baraza ya nyumba ya kadhi, akisokota sufu, na kila asubuhi mtumishi alimwambia bwana hajambo kidogo lakini hatoki. Katika siku hizo arobaini wakafa watoto wengine wawili wa mtaa wa Watia Rangi. Kila msiba Durra alikwenda, na kila msiba alikaa mwisho wa mkeka, kwa sababu hakuna aliyemsogezea nafasi. Wako waliosema wazi kwamba mwanamke huyu amejiwekea akiba ya thawabu kwa roho za watoto wa wenzake. Alisikia, akarudi barazani.

Siku ya arobaini kadhi alitoka, amevaa viatu. Hakupanda nyumbu wake. Akaenda kwa miguu hadi mtaa wa Watia Rangi, Durra akiwa nyuma yake, na pale akawakuta wanawake wakianza safari na mitungi, Rabaha miongoni mwao. Akawafuata. Wakavuka soko, wakapanda mitaa ya ngazi, wakapita makaburini, jua likiwa limeshapanda. Walipofika Lango la Mashariki kadhi alikuwa akihema. Akalitazama hodhi, na tope, na kunguru, na barabara iliyoota majani hadi kwenye daraja lisilokuwapo. Akatazama muda mrefu.

"Unakuja mara ngapi kwa siku?" akamuuliza Rabaha.

"Mara mbili, nikiwa mzima."

Akamwomba mtungi ulipojaa, akauweka begani kwake. Akaenda nao hatua kama mia moja, akautua, akakaa juu ya jiwe, akafunika uso kwa kilemba. Wanawake wakasimama kando, hawajui waangalie wapi.

Ijumaa ile, baada ya sala, kadhi alisimama mbele ya watu wote. "Haji Mundhiri alikusudia maji yamfikie mwenye kiu," akasema. "Alipataja mahali kwa kuwa siku ile ndipo kiu ilipokuwa. Kiu imehama. Mimi, Shurahbili, bila shahidi wa kumwegemea, nahukumu kwa kumwogopa Mola wangu kwamba maji yaifuate. Nikikosea, kosa ni langu peke yangu. Na wakfu haujafa. Haumo Baitulmali, wala mtawala hana haki ya tone lake."

Ikabidi iandikwe nyongeza katika hati, nayo iliandikwa palepale, na Durra akapewa kalamu aweke masharti. Akaandika habari za mfereji mpya na hodhi jipya. Kisha akamwona katibu wa Liwali amesimama mlangoni akisubiri kusikia, na mkono wake ukaanza wenyewe kuandika 'na yasigeuzwe'. Hofu ilimjaa hadi vidoleni. Miaka yote ile alikuwa akimnung'unikia baba yake moyoni, na sasa alikuwa amekaa mahali alipokaa baba yake. Akalia kidogo, akafuta machozi, akaandika hivi: kiu ikihama tena, watu wa mtaa unaokunywa maji haya wakutane msikitini mchana, wote, wanaume na wanawake, kadhi akiwapo, wakubaliane kwa sauti ya kusikika, kisha wayahamishe.

Kadhi akasoma. "Binti yangu, mtaa hauna ulimi mbele ya sheria."

"Nimeupa sasa, Sheikh. Tia muhuri."

Akatia.

Wale watia rangi arobaini walichimba siku kumi na tisa. Siku ya kumi na mbili ikaja barua ya kumwondoa Kadhi Shurahbili kazini, ikisema ni kwa ajili ya afya yake. Alifunga vitabu vyake akaenda kuishi kwa binti yake kijijini, na waliomtembelea wanasema afya yake haikuwahi kuwa nzuri kama wakati ule. Hati aliyoiacha ilikuwa imesomwa mbele ya watu wengi mno. Kadhi aliyemfuata hakuthubutu kuigusa.

Maji yalipofika magharibi, watu walijaa mtaani. Rabaha, ambaye hakuwa amemsemesha Durra tangu siku ile ya mahakama, alikuja akasimama karibu naye.

"Siku arobaini, Bibi," akasema.

"Najua. Watoto wawili. Nawajua majina."

"Ningekuwa wewe, ningewaacha waape."

"Najua, mwanangu."

Rabaha akajaza mtungi wake. Akachota kata moja, akamshikia Durra hadi akanywa, kisha akajitwika akaenda zake.

Wanafunzi wangu hupenda hapa niisifu subira ya Bibi Durra, nami naisifu, na ukweli wake zaidi, kwani bila ukweli huo maji yangekuwa kasrini hadi leo. Lakini naona uchungu kwamba ilihitajika subira kubwa kiasi kile ili maji yashuke mteremko. Mola wetu hakuifanya dini iwe nzito. Sisi ndio tunaoogopa, kisha hofu yetu tunaiita kwa majina mazuri na kuitia muhuri. Mwenyezi Mungu amrehemu Durra binti Mundhiri, na baba yake aliyeogopa kwa haki, na wale watoto, na Kadhi Shurahbili aliyechelewa sana, kisha akaja kwa miguu.